Mpeni Mzee Nafasi ya Kusimulia

Ndugu wasomaji wa Bujumbura, nawaomba saa moja kwa wiki. Sabuni na mchele vinahitajika katika nyumba za kulelea wazee, na atakayeweza apeleke. Mimi leo naomba masikio yenu.

Mzee wa miaka 80 na zaidi aliyekulia Buyenzi au Bwiza aliujua mji huu ukiitwa Usumbura. Alikuwa kijana Mwanamfalme Rwagasore, mpigania uhuru, alipouawa hapa hapa, tarehe 13 Oktoba 1961. Akauona uhuru, akapita mauaji ya 1972, akapita ya 1993. Alifanya kazi, alilea, alizika. Leo anaulizwa kama amekula na kama amemeza dawa, basi. Katika nchi ambako neno la mushingantahe, mzee mwamuzi, lilimaliza ugomvi wa mlima mzima, mtu kuzeeka bila kuulizwa neno ni kuvuliwa heshima angali hai.

Daktari Harvey Chochinov wa Winnipeg, Kanada, alibuni tiba ya mazungumzo kwa ajili ya jeraha hili. Mgonjwa huulizwa ni lini alijiona yu hai kwelikweli, na nini angependa watu wake wakijue. Maneno yake hurekodiwa, huandikwa, husomwa mbele yake ayasahihishe, kisha andiko ni mali yake, ampe amtakaye. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 100 waliokaribia mwisho walishiriki, na 76 kati ya kila 100 walisema wanajiona wana heshima zaidi. Baadaye tiba hiyo ikajaribiwa na wazee wanaolelewa katika nyumba za London.

Tiba yenyewe ni kazi ya mtaalamu. Kusikiliza na kuandika tunaweza sote, mradi tuwe waangalifu. Msimchimbe mtu kuhusu 1972 wala 1993. Akitaka kufika huko, atawapeleka mwenyewe. Akisema jambo lisiandikwe, lisiandikwe. Na mkiona mazungumzo yamemwachia hofu au kukosa usingizi, mwambieni muuguzi siku hiyo hiyo, maana Kamenge kuna kituo cha afya ya akili na wenye ujuzi wapo.

Wasimamizi wa nyumba za wazee, tengeni chumba kimoja chenye utulivu. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Mutanga, vijana wa Buyenzi mnaojua Kiswahili na Kirundi, anzeni Jumamosi hii. Nendeni wawili wawili na daftari, ombeni ruhusa kwanza kwa mzee mwenyewe, kaeni upande wa sikio lake linalosikia vizuri, na simu zenu zizimwe.