Theluji Hatuijui, Mbu Tunamjua

Ndugu zetu, leo tunasema wazi. Sisi vijana tunaokaa hapa Bujumbura na kupanda kambini kujitolea, tunajua shule moja yenye kabati zima la vitabu vya sayansi vya watoto. Picha nzuri, rangi zote. Msaada huo. Ufunguo uko kwa mkubwa, na mkubwa hayuko. Ukiuliza, jibu ni moja: eti batoto watavichafua! Sasa kitabu cha mtoto ambacho hakijashikwa na mtoto ni cha nani? Cha panya?

Na hata kabati likifunguliwa, ndani ni Kifaransa kirefu, dubu mweupe, theluji, majira manne. Huku tuna mvua na kiangazi. Mwalimu anamaliza nusu saa akieleza theluji ni kitu gani, kengele inalia, sayansi yenyewe haijaanza.

Dubu hatumkatai. Lakini mtoto aanze na kinachomuuma. Mbu anataga mayai kwenye maji yaliyotuama, yanakuwa viluwiluwi, na ndani ya wiki mbili hivi ni mbu kamili. Anayeleta malaria ni jike peke yake. Weka hayo kwa picha nne, na kesho mtoto mwenyewe atamwaga maji ya kopo nyuma ya nyumba. Kuna konokono wa ziwani anayebeba kichocho. Kuna kipindupindu, ambacho Burundi ilitangaza mlipuko wake tarehe 1 Januari 2023. Maji ya bidoni yanaonekana safi kwa macho. Mdudu huyo asiyeonekana utamweleza mtoto wa miaka nane bila picha? Kwa njia gani?

Na Tanganyika yenyewe, ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 hivi, ambamo ndagala na mukeke tunaokula wanatoka. Kwenye lile kabati haina hata ukurasa mmoja!

Wengine wanasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Uongo huo. Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto wa Kigoma, ziwa ni hili hili letu, anasoma usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa lugha ileile wadogo zetu wanayogombania foleni ya maji.

Pesa? African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India wanatoa vitabu vya picha bure kwenye intaneti, na wanaruhusu kutafsiri na kuchapisha. Kwa hiyo hatuombi kontena lingine. Tunaomba karatasi, wino, na mwenye ufunguo afungue wiki hii, si mwezi ujao.

Sisi tumeanza na mbu: kurasa nane, picha kubwa, maneno machache. Anayejua kuchora aandike hapa chini. Hasa wa kuchora konokono, maana wa kwetu anafanana na andazi.