Mwalimu Anapoirudia Kalamu

Katika barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, msafiri hulipita soko la Kamukuywa pasipo kudhani kwamba pana washairi. Wapo. Aghalabu ni walimu wa Kiswahili waliovuka umri wa miaka arobaini, ambao enzi za chuo walitunga hata wakasahau kula, na ambao sasa ushairi wao umebakia ubaoni: mizani nane kwa nane, vina vya kati, vina vya mwisho, kibwagizo. Karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, ile ya Fasihi, haimtaki mwalimu atunge. Yamtaka amwoneshe mwanafunzi palipo na alama. Miaka kumi na mitano ya kusoma mashairi kwa kalamu nyekundu yatosha kumsahaulisha mtu kwamba shairi liliwahi kumkosesha usingizi.

Wahakiki nao hukitonesha kidonda. Mwandishi akinyamaza, humwandikia tanzia angali hai. Historia ya fasihi ya Kiswahili haiungi mkono haraka hiyo. Shafi Adam Shafi alichapisha Kuli mwaka 1979. Riwaya yake iliyofuata, Vuta N'kuvute, ilitoka mwaka 1999. Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka mwaka huo huo wa 1979, kisha wasomaji wa riwaya zake wakangoja hadi 1990 kuipata Nagona. Aliyeizoea Rosa Mistika ya mwaka 1971 akiifungua Nagona hudhani amekosea jina la mwandishi. Kimya hicho hakikuwa kifo. Fani nzima ilikuwa ikibadilika humo.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba Kezilahabi alikuwa mhadhiri mwenye maktaba, si mwalimu wa shule ya kutwa anayebeba madaftari sitini ya insha kwenye bodaboda. Hata hivyo, mfano wa karibu zaidi uko huko huko Bungoma. Miongoni mwa Wabukusu, mpiga litungu aghalabu ni mkulima kwanza. Msimu wa kupalilia mahindi ukimshika, litungu hutundikwa ukutani. Akiliteremsha tena hakuna amwulizaye alikuwa wapi. Hukaza nyuzi, akapiga. Mwalimu mtunzi ndiye pekee anayetakiwa kuomba radhi kwa kurudi.

Wengi wa walimu hawa hurudi vyuoni kusomea shahada ya uzamili wakati wa likizo za shule. Hupokewa kwa nadharia, mbinu za utafiti na tasnifu ya sura tano. Si vibaya, lakini mtu aliyechoshwa na kuchambua hupewa uchambuzi zaidi kama dawa! Inafaa idara za Kiswahili zimruhusu anayetaka awasilishe diwani au tamthilia aliyoitunga mwenyewe, ikiandamana na sura ya uhakiki. Wanaouliza kazi ya namna hiyo itatahiniwa vipi wanashangaza, maana insha za kubuni husahihishwa kila mwaka nchini kote na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hazipimiki.

Majarida ya wanafunzi nayo, ambayo kurasa zake za ushairi hujazwa na vijana wa mwaka wa kwanza, yana la kufanya. Walimu hawa wanapofika chuoni likizo ya Agosti, waulizwe, pamoja na mada ya tasnifu, kama bado wanalo lile daftari la zamani.