Mlango Uko Wazi, Mbona Hakuna Anayeingia?

Akina mama wengi siku hizi tumekabidhiwa uongozi kazini: mwalimu mkuu, msimamizi wa duka, sista mkuu wa wodi. Karibu sote huwaambia walio chini yetu, "Mlango wangu uko wazi." Lakini je, wanaingia?

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Muuguzi mgeni akikuta dozi asiyoielewa, ana njia mbili: kumwuliza mkubwa wake au kukisia. Ikiwa jana aliuliza akajibiwa mbele ya wagonjwa, "Kwani chuoni ulifundishwa nini?" leo atakisia. Atakayeumia ni mgonjwa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Mojawapo ni kwamba, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kufungua kinywa mara moja haoni tabu kusema tena akiona kasoro. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mambo mengi, lakini hata hili dogo lina nafasi yake.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mtu akileta habari mbaya, neno letu la kwanza liwe, "Umefanya vyema kuniambia." Kisha tumhudumie mgonjwa. Kuonyana kufuate baadaye, faraghani.

Pili, tusingoje kufuatwa. Wakati wa kukabidhiana zamu, tuanze kwa kumwuliza aliye mdogo kuliko wote, "Wewe umeona nini?" Mkubwa akitangulia kusema, wadogo huitikia tu.

Tatu, tumrudishie jibu aliyetueleza shida yake, hata kama jibu ni "haiwezekani". Asiyejibiwa hasemi tena.

Kufikika si kulegea. Anayechelewa zamu aambiwe wazi, ila kwa heshima.

Nasi tukifika nyumbani tukumbuke kwamba huko pia tu viongozi. Mtoto akianguka mchana tukiwa kazini, je, msichana wetu wa kazi atatuambia jioni, au atanyamaza kwa kuogopa ukali wetu? Uhai wa mtoto waweza kutegemea jibu la swali hilo.