Ukimya si dhambi jamani

Haya wadau, leo naweka pembeni stori za bumu na testi. Nina dukuduku.

Jumapili jioni mwenzangu wa chumba karudi kutoka kwenye maombi macho mekundu. Kiongozi kamwambia mbele za watu kwamba hajajazwa Roho, maana wenzake wanaruka na kupaza sauti, yeye kakaa kimya tu. Andiko lenyewe? Zaburi ya 150, ile ya matoazi na kucheza.

Sasa jamani, Biblia hiyohiyo ina 1 Wafalme 19. Ukapita upepo, tetemeko na moto, Mungu hakuwemo humo. Ndipo Eliya akasikia sauti ya chini kabisa. Mbona hilo hatusomewi? Kwa sababu kiongozi wetu ni mchangamfu wa kuzaliwa. Anachukua tabia yake, anaigongea muhuri wa andiko, halafu anatupimia wote.

Na si yeye peke yake. Martin Luther alikuwa mtu wa dhamiri isiyotulia. Warumi, inayosema mtu huhesabiwa haki kwa imani, ilimpa pumzi. Yakobo na matendo yake akamkera; kwenye Agano Jipya alilotafsiri mwaka 1522 aliuponda waraka huo na kuusogeza karibu na mwisho. Lakini hakuutoa. Hapo namheshimu.

Na mimi je? Mimi ni mkimya. Hiyo 1 Wafalme 19 naipenda mno, na nikisema ukweli ni kwa sababu inanibembeleza. Mbele yake ndipo sipapendi: sauti ile ilimuuliza Eliya anafanya nini pale, ikamrudisha kazini. Mimi ningebaki pangoni.

Kwa hiyo sisemi kila mtu asome anavyojisikia. Nasema kinyume chake. Andiko likikubaliana na tabia yako mia kwa mia, jishuku. Mchangamfu akakae kidogo pangoni na Eliya, mkimya akapige matoazi walau mara moja. Na kabla hujamwambia mwenzako "Mungu anasema", hakikisha si wewe unayesema.

Mwenzangu anasema harudi tena pale. Alhamisi naenda kumwona kiongozi, ana kwa ana. Mimi, mkimya.

Niombeeni.