Kahawa ya Rwanda: Ladha hutoka mlimani, na joto nalo linaupanda mlima

KIGALI – Mkulima wa kahawa nchini Rwanda hupanda mibuni pale alipoachiwa shamba na wazazi wake. Mahali hapo, juu ya kilima, ndipo ulipo mtaji wake mkubwa. Sasa mtaji huo umo hatarini.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Rwanda ni arabika ya aina ya Bourbon, inayostawi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko mchana huwa na jua na usiku huwa na baridi. Baridi hiyo hulichelewesha tunda kuiva. Punje hukomaa polepole, ikawa ngumu, yenye utamu na uchachu unaolingana. Ndivyo ilivyo pia kwa zabibu za nyanda za juu, kama zile za Mendoza nchini Argentina, zinazosifika kwa divai nyekundu yenye rangi nzito. Udongo nao una mchango wake: kaskazini-magharibi, volkano za Virunga ziliacha udongo wenye rutuba na usiotuamisha maji.

Hata hivyo, mlima peke yake hautoshi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kahawa ya Rwanda iliuzwa kama bidhaa ya kawaida, ingawa milima ilikuwa ileile. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 2000, vituo vya kuoshea kahawa vilipoenea, Maraba ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mwaka 2008, Rwanda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence. Ladha ilikuwepo, kilichokosekana ni uangalifu baada ya mavuno.

Leo tishio ni joto. Linapoongezeka, tunda huiva haraka na ladha hufifia. Wako wanaoshauri kahawa ihamishiwe juu zaidi. Lakini katika nchi yenye msongamano huu wa watu, kila kipande cha kilima kina mwenyewe. Huko juu kuna viazi, chai na misitu ya hifadhi kama Nyungwe. Tena, kila mlima una kilele chake.

Kinachobaki ni kuilinda kahawa pale ilipo: miti ya kivuli, matandazo, na mibuni mipya badala ya mizee. Mbuni mchanga huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Nani atamlisha mkulima muda huo wote?

Bodi ya taifa ya mauzo ya mazao ya kilimo, NAEB, hutangaza bei ya chini kila msimu. Kwa kilo moja ya matunda ilipanda kutoka faranga 480 mwaka 2024 hadi 600 mwaka 2025. Ni hatua njema. Lakini bei ya chini humkinga mkulima asipunjwe. Haimlipi kwa ubora. Thamani ya ladha isipofika kilimani, mkulima atang'oa mibuni apande maharage, wala hakuna atakayemlaumu.