Acheni kumwagia taipureta mafuta!

Wadau, leo nina hasira. Nimeletewa hapa Sigor Olivetti Lettera 32, modeli iliyotoka mwaka 1963, ya mzee anayewapigia watu chapa mikataba ya mashamba. Vyuma vya herufi vimegandana. Wiki nzima mzee hana kazi. Fundi alivimwagia mafuta ya cherehani, eti vilainike! Mafuta yakanasa vumbi, yakawa gundi. Jamani, mianya vinamopita vyuma hivyo haitaki mafuta. Inataka spiriti, mswaki na subira. Nimesugua jioni mbili, sasa herufi zinarudi zenyewe.

Nanyi waandishi wa programu wenzangu mnaoniambia niiuze kama chuma chakavu: hii inafunguka kwa bisibisi. Simu zenu je, betri si imebandikwa kwa gundi?

Leteni mashine zenu. Mafuta yaacheni nyumbani.