Sofapaka Itashuka Msimu Huu? Wacha Nikushow Kwa Nini Usianze na Jedwali

Msee wa Masaku, kama uko kwa grupu yoyote ya mikeka ushaipata hii meseji: "Sofapaka inashuka msimu huu, weka thao ulale." Inatumwa na msee ambaye hajaona Batoto ba Mungu wakicheza tangu wakati bado tulikuwa tunaingia Kenyatta Stadium na tiketi za karatasi. Ameangalia tu jedwali kwa simu, akaona jina liko upande wa chini, akamaliza kazi.

Sitaki kukuambia uweke ama usiweke. Ganji ni yako. Nataka kukuonyesha venye timu za Kenya hushuka, juu ukielewa hiyo utajua ni wapi pa kuangalia, na jedwali huwa linakuja mwisho kabisa.

Rada ya msimu wa 2025/26 kwanza. Timu 18, kila moja mechi 34. Mbili za mwisho zinashuka bila maswali, ya tatu kutoka chini inaenda mchujo na timu ya NSL. Msimu uliopita walioenda ni Nairobi City Stars na Talanta. Waliopanda ni APS Bomet na Nairobi United, na usidhani hao ni wageni wa kuonewa. Nairobi United walikuja Ligi Kuu wakiwa wamebeba Kombe la FKF, na kwenye fainali walipiga Gor Mahia. Kwa hivyo ile hesabu ya zamani ya "tutakula pointi za wapya" iondoe kwa kichwa.

Sasa tubonge kuhusu Batoto. Mwaka wa 2009 Sofapaka walipanda Ligi Kuu na msimu huo huo wakaibeba. Msimu wa kwanza! Kocha alikuwa Robert Matano, mbele kulikuwa na John Baraza akifunga kama amelipwa kwa kilo. Mwaka wa 2014 wakachukua GOtv Shield wakifunga Posta Rangers. Mwenye timu ni Elly Kalekwa, mzaliwa wa Congo, na ndio maana jina la utani liko kwa Kiswahili cha kule, Batoto ba Mungu. Jina lenyewe la klabu ni ufupi wa "Sote kama Familia kwa Pamoja Kuafikia Azimio". Tangu hapo hawajashuka uwanjani hata mara moja. Miaka 16 hivi. Gor wako na mashabiki, Tusker wako na kiwanda cha pombe, Ulinzi wako na jeshi. Hawa wako na familia moja na mfuko wa mtu mmoja.

Na hapo ndipo ngori huanzia.

Cheki mabingwa wa ile miaka. 2006 ilikuwa SoNy Sugar. 2008 ilikuwa Mathare United. 2009 Sofapaka. Timu tatu ndogo ziliangusha wakubwa ndani ya miaka minne, na sisi watoto tukadhani soka ya Kenya imefunguka. SoNy iliishia wapi? Msimu wa 2019/20 walikosa kutokea kwa mechi tatu, wakafukuzwa ligi. Hawakufungwa mabao kumi na mtu, hapana. Walikosa kufika tu. Timu iliyowahi kuwa bingwa wa Kenya ilikosa namna ya kupeleka wachezaji uwanjani. Mathare United nao walishuka 2023, wakakaa huko chini msimu mmoja, wakarudi 2024/25. Kabla yao kulikuwa na Oserian ya Naivasha, mabingwa wa 2001 na 2002. Uliza msee wa miaka 20 kama amewahi kuisikia. Atadhani ni shamba la maua, na hajakosea, ilikuwa timu ya shamba la maua.

Kwa hiyo ukiniuliza nani atashuka, swali langu la kwanza ni rahisi: mshahara wa mwezi uliopita uliingia?

Gawanya ligi yetu kwa mafungu mawili utaona. Kuna Kenya Police, ambao ndio mabingwa wa 2024/25. Kuna Ulinzi, KCB, Posta Rangers, Bandari, Tusker. Hawa wako na taasisi nyuma. Mchezaji wa Police anaweza kuwa na kazi hata mguu ukivunjika. Halafu kuna timu za mtu binafsi na za mtaa: Sofapaka ya Kalekwa, Kakamega Homeboyz, Kariobangi Sharks, Mathare. Huko mdhamini akikohoa timu nzima inapata homa.

Na wadhamini wa hii nchi wanajua kukohoa. 2019 SportPesa iliondoka baada ya vita vya leseni na serikali, ligi ikabaki uchi. 2020 BetKing ikaja na mkataba wa bilioni 1.2 wa miaka mitano. Unajua ilikaa miaka mingapi? Kufika 2021 ilikuwa imeenda. Timu zilikuwa zimeshapiga hesabu na hiyo doh kichwani, zimesajili, zimeahidi. Hata Gor na Ingwe wenyewe waliwahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji juu ya madeni. Kama wale wenye mashabiki nchi nzima walifika hapo, fikiria timu isiyo na tawi hata moja kule ocha.

Lakini usinielewe vibaya, taasisi pia si dawa. KCB ni benki na ilishuka 2015. Nzoia, Chemelil, SoNy, zote zilikuwa za viwanda vya sukari, na sukari ilipoharibika timu zikaharibika nayo. Tofauti ni kwamba taasisi hukuua polepole. Mfuko wa mtu mmoja unaweza kukauka kati ya Januari na Machi, na hiyo ndiyo miezi ligi yetu huamua nani anakaa.

Kuna njia nyingine ya kushuka ambayo haihitaji hata mpira. Mwanzoni mwa 2017, FKF iliwashusha Sofapaka na Muhoroni Youth kwa sababu ya leseni ya klabu. Karatasi! Kesi zikafuata, na mwishowe wote wawili wakacheza mwaka huo, ligi ikiwa ya timu 18. Mara nyingine tunasahau hii stori. Batoto walikuwa washaenda, mlango umefungwa, wakarudishwa na mawakili. Ukiona mtu anakuambia Sofapaka haiwezi kushuka juu "ni klabu kubwa", mkumbushe 2017. Ofisi ya timu, yule msee wa kujaza fomu na kutunza risiti, anaweza kuokoa pointi nyingi kuliko straika.

Sasa tukuje nyumbani, Machakos, juu hapa ndipo mimi na wewe tunaingia kwa hii stori.

Uwanja wa Kenyatta ni mzuri. Enzi za gavana Alfred Mutua ulirekebishwa mpaka timu za Nairobi zikaanza kuukopa. Desemba 17, 2017 tuliona hapa hapa Harambee Stars wakichukua CECAFA mbele ya Zanzibar, sare ya 2-2 halafu penalti. Ile siku kama ulikuwa mjini unajua hata mama wa smokie alifunga kibanda akaingia. Sofapaka wamefanya hapa nyumbani kwa misimu kadhaa. Lakini nyumbani kwa Sofapaka pia kumewahi kuwa Wundanyi, huko Taita. Wundanyi! Na kumewahi kuwa Nairobi. Halafu Nyayo na Kasarani zikafungwa kwa ukarabati wa CHAN, timu zote za jiji zikaanza kuhangaika kama wapangaji waliofungiwa keja.

Ukicheza nyumbani kwa watu, huna nyumbani. Mpira wa Kenya hauna siri nyingi lakini hii ni moja: timu ndogo hubaki ligi kwa pointi za kwake. Angalia Shabana. Wanajaza Gusii Stadium, refa anasikia kelele, beki wa wageni anasikia kelele, mpira unaingia. Sofapaka wakicheza Machakos unapata nani? Wasee wachache wa kweli, watoto wa shule wameingia bure, na polisi wawili wanaangalia simu. Uwanja huo huo ukiwa na Masaku 7s utakuta foleni ya magari mpaka Mlolongo. Raga ya siku mbili, na nusu ya wanaokuja hata hawajui try ni nini, wamekuja luku na sherehe. Sina shida na sherehe. Nasema tu kwamba watu wa kujaza uwanja wapo.

Na hatuna timu yetu Ligi Kuu, hiyo ndiyo inaniuma. Kaunti nzima, kuanzia Mlolongo na Athi River mpaka Mwala na Yatta, hakuna hata moja kati ya zile 18. Dogo wa Kathiani mwenye mguu wa kushoto wa maana lazima apande mat aende Nairobi kutafuta majaribio, alale kwa binamu Pipeline. Kama klabu inayokopa uwanja wetu ingekuwa inachukua watoto watatu wa hapa kila msimu, wazazi wao wangekuja, majirani wangekuja, shule ingekuja. Hao ni mashabiki wa bure, na pia ni wachezaji wa bei nafuu ambao hawahitaji kulipiwa rent Nairobi. Sijui kwa nini hii haionekani kwa meza za wakubwa.

Haya, hesabu. Chuo niliacha kabla ya kumaliza lakini hii sihitaji cheti. Mechi 34, weka lengo la pointi 38. Sio sheria, ni pale mimi huona mtu anaweza kulala. Mechi za nyumbani ni 17. Ukishinda 7, ukatoka sare 6, hizo ni pointi 27. Zinabaki 11 za kutafuta ugenini kwa mechi 17. Ushindi wawili na sare tano, umefika. Kwa timu iliyo na nyumbani kwa kweli, hiyo inawezekana bila muujiza. Kwa timu inayohama, toa ushindi mbili hapo nyumbani uweke sare. Unarudi 34 na ghafla uko kwa ile meza ya wanaoomba mchujo. Tofauti nzima ni pointi nne. Pointi nne ni mechi mbili ambazo basi lilichelewa ama wachezaji waligoma mazoezi Jumatano.

Kitu kingine cha kuangalia ni Januari. Sofapaka wana jicho la kutafuta straika, hiyo lazima uwape. Msimu wa 2018/19 walikuwa na Mganda Umaru Kasumba, akafunga mpaka ZESCO ya Zambia ikaja ikamchukua. Hiyo ndiyo biashara yao, na sio mbaya, doh ya mauzo ndiyo inalipa wengine. Shida ni wakati unamuuza. Ukiuza Juni una miezi ya kutafuta mwingine. Ukiuza katikati ya msimu ukiwa nafasi ya 15, umelipa mishahara ya Februari na umejinunulia tiketi ya NSL. Na NSL hakuna huruma. Kamera zinapungua, maskauti hawaji, mchezaji aliyekuwa anapata kitu kidogo anapata kidogo zaidi ama hapati. Kuna wasee wana familia hapo. Mtoto wa mtu anategemea kama baba yake atakuwa nafasi ya 15 ama ya 17.

Na msee asiyelipwa ndiye wakora wa mechi za kupanga humtafuta kwanza. Zoo ya Kericho ilitupwa chini 2021 na FIFA kwa hayo mambo. Sisemi Batoto wako karibu na hapo. Nasema klabu yoyote inayochelewesha mshahara inaacha mlango wazi, na baadaye inashangaa nani ameingia.

Sasa msimamo wangu, juu najua umeshuka mpaka hapa ukitafuta huo tu. Naona Sofapaka wakibaki. Naona nafasi ya 13 ama 14, na wiki mbili tatu za kuumwa tumbo mwezi wa nne. Sababu ni kwamba hawa wamezoea kuishi hivi, na kocha yeyote anayeingia hapo anajua kuna vijana wenye njaa. Lakini nikiskia mambo mawili kwa pamoja, kwamba wamehama uwanja katikati ya msimu na wameuza mfungaji wao Januari, nageuza maneno siku hiyo hiyo. Moja pekee wanaweza kuvumilia. Mbili, hapana.

Kwa hivyo kabla uweke ile thao, usifungue jedwali. Tafuta msee anayejua kama walifanya mazoezi wiki hii, na kama mechi ya Jumamosi iko Kenyatta kweli ama imepelekwa mahali pengine usiku. Kiingilio chetu si pesa ya kukuua, na jua la Masaku unalijua, beba kofia.